Mama Kijacho na mtoto wa Daudi: uchambuzi wa kisa kimoja cha unasihi wa kichungaji

Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mwenyewe. Umri, kazi na mahali nimevibadilisha, na mambo mawili matatu nimeyachukua kwa watu wengine waliopita mikononi mwangu, ili hata jirani yake akisoma asimtambue. Mimi ni mchungaji wa Kilutheri katika mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, na ni mwanamke. Washarika wananiita Mama Mchungaji, jina ambalo kwetu ni la mke wa mchungaji. Mume wangu ni seremala. Nimeshachoka kusahihisha.

Alikuja ofisini mwezi Juni, baridi imeshika, amejifunga kitenge juu ya sweta. Miaka 29, mwalimu wa shule ya msingi, ameolewa miaka mitatu na dereva wa lori wa njia ya Tunduma. Katikati ya Aprili, mimba ikiwa ya miezi minane, alijifungua mtoto wa kiume aliyekwisha kufa. Mume alipata habari kwa simu akiwa barabarani, akageuza. Jioni ileile yeye na wazee wawili walimzika mtoto nyuma ya nyumba ya wakwe, mama akiwa bado wodini. Kengele ya kanisa haikupigwa. Matanga hayakukaliwa. Aliporudi nyumbani siku ya tatu maziwa yalikuwa yameanza kutoka, na mama mkwe alimpa kanga ya kujifunga kifua bila kusema neno.

Jambo la kwanza aliloniambia halikuhusu kifo. Aliniambia kwamba tangu tumbo lilipoonekana, mtaa mzima ulikuwa ukimwita Mama Kijacho: muuza mkaa, watoto wa shule, hata mwalimu mkuu kwa utani. Aliporudi kutoka hospitali, wote walirudia kumwita kwa jina lake la usichana, kana kwamba walikuwa wamekaa kikao. Hakuna aliyekusudia ubaya. Wangemwita nani?

Mwalimu aliyenifundisha unasihi alipenda kututajia habari za Anton Boisen, mchungaji wa Kimarekani ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, kisha mwaka 1925 akaanza kuwafundisha wanafunzi wa theolojia ndani ya hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts. Boisen alitaka mtu mwenye mateso asomwe kama hati iliyo hai, kwa makini yaleyale tunayoyatumia kusoma Maandiko. Nalijua hilo kwa kichwa. Siku ile sikulitenda. Alipomaliza kueleza nilifungua Zaburi ya 139, kwa kuwa ndiyo ninayoifungua kila mara kwa mama aliyepoteza mimba: “Macho yako yaliniona kabla sijakamilika.” Nilitaka asikie kwamba mtoto wake alionwa na Mungu hata kama sisi hatukumwona. Alinyamaza. Akasema asante, Mchungaji, akafunga kitenge vizuri, akaondoka. Wiki tatu hakuonekana.

Kosa langu halikuwa kusoma Biblia. Nilimpa dawa kabla sijamuuliza panauma wapi.

Maharage

Wiki ya nne nilikwenda kwake. Mume alikuwa safarini. Alikuwa anachambua maharage uani, nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua pamoja naye. Rafiki zake Ayubu husemwa vibaya sana mahubirini, lakini tunasahau kwamba siku saba za kwanza waliketi naye chini na hakuna aliyenena naye neno lolote. Waliharibu walipoanza kufafanua. Mimi nilikaa kama saa nzima. Tuliongea habari za bei ya mbolea, na za mtoto mmoja darasani kwake anayeandika herufi kinyume.

Halafu akasema, macho yapo kwenye ungo: “Mchungaji, ile Zaburi yako. Na yule wa kwanza je, naye alimwona?”

Miaka kumi nyuma, akiwa chuoni, alitoa mimba katika chumba cha nyuma cha duka la dawa. Aliyempeleka alikuwa rafiki mmoja, na tangu hapo hawajazungumza. Hakuwahi kumwambia mama yake, wala mume wake, wala mtu wa kanisani. Sheria ya nchi inalihesabu hilo kuwa jinai, na kanisani alikwisha kuona tunavyofanya: msichana aliyezaa kabla ya ndoa anasimamishwa mbele Jumapili, anaulizwa, anajibu, anarudishwa kundini, na kwaya inaimba. Aliwaona wenzake wakisimama pale. Aliapa hatasimama.

Basi mtoto alipozaliwa mfu, yeye alikuwa na maelezo tayari. Na maelezo hayo yalipata andiko. Katika ibada ndogo ya nyumbani, siku chache baada ya kutoka hospitali, mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, alimsomea maneno ya Daudi baada ya kufiwa na mtoto: “Mimi nitakwenda kwake, lakini yeye hatanirudia mimi.” Ni mstari unaofariji, ukiusoma peke yake. Lakini huyu ni mwalimu. Usiku aliichukua Biblia akasoma 2 Samweli 12 kuanzia mwanzo wa sura. Akakuta kwamba mtoto yule alikufa kwa sababu ya dhambi ya mzazi wake, na kwamba nabii Nathani alisema hivyo waziwazi.

Nikaanza kumwambia habari za msamaha. Akanikatisha, kwa adabu.

“Samahani, Mchungaji. Daudi alisamehewa. Mstari wa 13. Na mtoto akafa vilevile.”

Nimehubiri miaka 19 na sikumbuki kama nimewahi kuulizwa swali zito kuliko hilo. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia kwamba ameisoma sawasawa, na kwamba nitarudi.

Majeraha mawili, kovu moja

Niliporudi nyumbani nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande mmoja niliandika mambo ya mimba ya chuoni, upande wa pili mambo ya Aprili. Upande wa kwanza kulikuwa na hatia: kitendo alichokifanya yeye, alichokiita dhambi kwa kinywa chake, bila mimi kumwambia. Upande wa pili kulikuwa na msiba, yaani jambo lililompata. Yeye alikuwa ameyafunga mambo haya mawili kwa kamba moja, kiasi kwamba hakuweza kumlilia mtoto wake. Angemliliaje, wakati kwa hesabu yake yeye ndiye aliyemuua? Muuaji halii matangani.

Na ombi lake kwangu lilikuwa limetoka kwenye kamba hiyohiyo: “Nataka kutubu, ili tumbo langu lifunguliwe.”

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu kadhaa niliowaeleza kisa hiki. Mchungaji mmoja mwandamizi aliniambia: mtu akija kuungama, unamwungamisha. Ukimwambia asubiri unajifanya bawabu wa neema. Ni hoja nzito, na Katekisimo Ndogo ya Luther iko upande wake. Lakini niliona hivi: nikimwondolea dhambi ya kwanza kama tiba ya kifo cha pili, nitakuwa nimetia sahihi yale maelezo yake. Nitakuwa nimesema, kwa joho na kwa kuwekea mikono, kwamba ni kweli Mungu aliua mtoto kwa ajili ya lile, sasa tumemaliza deni. Na akipata mimba nyingine ikaharibika? Ataelewa kwamba ondoleo halikushika.

Kwa hiyo nilimwambia mambo mawili kwa pamoja. Kwamba msamaha wa Kristo haumngojei mchungaji, ni wake tangu dakika hii. Na kwamba maungamo tutayafanya, yeye na mimi tu, milango imefungwa, hakuna kusimama mbele ya mtu, siku atakayoweza kuitaja ile ya chuoni bila kuitaja hii ya Aprili. Alikubali. Mimi mwenyewe sijatulia na uamuzi ule hadi leo. Ilipita miezi mitatu, na miezi mitatu ni mingi kwa mtu aliyebeba jambo miaka kumi.

Mwili kwanza

Kabla ya theolojia yoyote nilimuuliza kuhusu usingizi na chakula. Alikuwa analala saa tatu tu kwa usiku mzima. Amepungua, pete inazunguka kidoleni. Nilitumia dodoso la maswali tisa la kupima sonona. Mwisho wa alama ni 27, naye alipata 17. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mchungaji asilipite kwa haraka eti ataleta wazo ambalo halikuwepo. Kuuliza hakupandi mbegu. Nilimuuliza wazi kama anafikiria kujiua. Akasema hapana, ila usiku mwingine anamwomba Mungu asimwamshe. Hana mpango, hana kitu alichokiweka tayari.

Eliya alisema karibu maneno hayohayo chini ya mretemu: yatosha, Bwana, iondoe roho yangu. Malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye kabisa, baada ya mwendo wa siku 40. Nilimsomea habari hiyo, fupi, kisha nikamsindikiza hospitali ya wilaya kwa muuguzi wa afya ya akili, na daktari akamwanzishia dawa ya sonona. Dada yake mdogo alihamia kwake kwa muda ili asilale peke yake mume akiwa safarini.

Mwezi Agosti aliacha dawa kwa siku kumi na tatu, kwa kuwa shoga yake alimpeleka kwa nabii mmoja aliyemwambia tumbo limefungwa na ukoo wa mume na vidonge vinazuia upako. Alitoa sadaka ambayo sitaitaja kiasi. Sikumgombeza. Nilimuuliza tu, akirudi nyuma, siku zile alilala vipi, naye akajijibu mwenyewe.

Jambo lililobadilisha mwelekeo halikutoka ofisini kwangu. Tulimwomba daktari wa wazazi afungue jalada lake na kulisoma naye taratibu. Siku ya kujifungua alikuwa ameelezwa haraka, kwa maneno ya kitabibu, akiwa na dripu mkononi. Sasa alisikia: shinikizo la damu lilikuwa 170 kwa 110, mkojo ulikuwa na protini, ni ile hali inayotangulia kifafa cha mimba, na kondo la nyuma lilijitenga kabla ya wakati. Aliuliza, kwa sauti ya chini, kama kutoa mimba zamani kunaweza kuleta hayo. Daktari alimwambia kwamba katika jalada hili haoni chochote kinachoelekea huko. Safari ijayo aje kliniki mapema sana, apimwe, na aanzishiwe kidonge kidogo cha aspirini kabla ya wiki ya 20.

Ningependa kusema kwamba alitoka pale mwepesi. Alitoka na hatia mpya. Wiki ile kabla ya kujifungua kichwa kilikuwa kinamuuma na macho yakiona maluweluwe, naye akasema ni uchovu wa kusahihisha mitihani. “Ningekwenda.” Lakini hatia hii ilikuwa ya aina nyingine: kila mama aliyefiwa huwa na “ningekwenda” yake. Haikumhitaji Mungu mwenye panga. Tuliweza kuilia.

Nathani hakutumwa kwake

Kuhusu Daudi nilirudi na jibu, nusu jibu. Sikujaribu kumweleza kwa nini mtoto yule alikufa. Sijui, na wanaosema wanajua hunitisha. Nilimwambia aangalie nani anasema. Nathani alikwenda kwa Daudi akiwa na neno alilotumwa, kwa mfalme mmoja, kwa nyumba moja, kwa jambo la Uria, yule ambaye Daudi alimwua ili amchukue mkewe. Je, kwako ametumwa nani? Alifikiri. “Hakuna. Nilijitumia mwenyewe.”

Ndipo tukasoma Yesu anavyojibu swali lilelile. Wanafunzi wanamwona kipofu wanauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye anakataa njia zote mbili. Watu 18 wanaangukiwa na mnara Siloamu, naye anauliza kama mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu, kisha anajibu siyo. Yule mama alipenda mnara ule kuliko kipofu. Alisema mnara hauna maana yoyote, umeanguka tu, na kwa namna fulani hilo lilimpumzisha.

Masikio

Masamba ma Mpolo, mwanatheolojia wa Kongo, alisisitiza kwamba mnasihi wa kichungaji Afrika hawezi kumtibu mtu kana kwamba hana ukoo. Niliomba mume aje, na katika kikao cha sita akaja, mtu mrefu mwenye haya, ameshika kofia. Sikujua niseme nini, basi nikamuuliza mke wake kama kuna jambo anataka kumuuliza.

“Alifanana na nani?”

Miezi mitano walikuwa wanalala kitanda kimoja na swali hilo halikuwahi kutoka. Yeye hakumwona mtoto. Wauguzi walimfunika wakamwondoa, kwa nia njema. Mume alimwona. Alimbeba. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema alikuwa na masikio ya baba mkwe, yale yanayosimama. Mwanamke akacheka, akacheka kweli, kisha akalia kilio ambacho nadhani kilikuwa kinangoja tangu Aprili. Mimi nilitoka nje kuangalia gari langu ambalo halikuwa na tatizo.

Baada ya hapo walitaka ibada kaburini. Mama mkwe aliuliza kama ninaweza kumbatiza mtoto pale, kwa maji juu ya udongo, ili asipotee. Sisi hatubatizi wafu, na nilimwambia hivyo kwa upole. Lakini nilimwambia pia jambo ambalo Walutheri wengi hawajawahi kuambiwa. Mwaka 1542 Luther aliandika waraka mfupi wa kuwafariji wanawake ambao uzazi wao uliharibika, ukachapishwa pamoja na ufafanuzi wa Zaburi ya 29 wa rafiki yake Bugenhagen. Anakataza watu wasiwalaumu akina mama hawa wala kuwatia hofu kwamba Mungu amewakasirikia. Na kuhusu mtoto ambaye hakufikia ubatizo anakimbilia Warumi 8: kule kuugua kusikoweza kutamkwa, shauku ya mama ya kumleta mtoto wake kwa Mungu, Mungu anaihesabu kuwa sala, na sala hiyo imesikiwa. Mwaka huohuo Luther alimzika binti yake Magdalena, wa miaka 13. Mama mkwe aliuliza, “Luther huyuhuyu?” Nikasema huyuhuyu.

Mzee wa kanisa, yule wa mstari wa Daudi, hakufurahia mwanzoni. Kitabu cha sharika hakina safu ya mtoto kama huyu: hakubatizwa, hana cheti, utamwandika wapi? Nikasema sitamwandika popote, nitasimama tu. Siku yenyewe alikuja, na jembe, akapalilia magugu kabla hatujaanza.

Tulikuwa watu tisa. Tuliimba wimbo mmoja. Nilisoma Zaburi ya 13, “hata lini utanisahau,” kwa sababu ni sala ya mtu anayemlalamikia Mungu na bado anamwita wake. Baba alitaja jina la mtoto kwa sauti, mara ya kwanza. Mama aliweka kanga ile ya kifua, ameikunja ndogo, chini ya jiwe. Tulisema Baba Yetu, tukanywa chai kwa mama mkwe.

Maungamo yalikuja mwezi Oktoba, kikao cha nane. Alikuja peke yake, akasema yuko tayari, na kweli aliitaja ile ya chuoni tangu mwanzo hadi mwisho bila Aprili kuingia. Nilimuuliza kama anaamini kwamba ondoleo litakalotoka kinywani mwangu ni la Mungu. Akasema ndiyo. Ilikuwa dakika saba hivi. Aliniuliza kama ni lazima amwambie mume wake. Nikasema si sharti la msamaha, ni uamuzi wa ndoa yake, na mimi sitaulizia tena. Kama amemwambia, sijui.

Vikao vyote vilikuwa 11, cha mwisho Januari. Alama za dodoso zilikuwa zimeshuka hadi 6. Dawa aliendelea nazo kwa ushauri wa daktari. Amerudi kwaya. Mama mkwe, bila kuambiwa na mtu, siku hizi anamwita Mama na lile jina lililotajwa kaburini, ingawa nyumbani tu, si sokoni.

Jumapili za ubatizo bado anatoka nje. Nikianza kumwaga maji namwona kupitia dirisha la upande, amesimama karibu na simtanki la maji ya mvua, amekunja mikono. Wimbo ukianza anarudi, anaingia safu yake, anashika sauti ya pili. Sijamuuliza.